Mwashi wa Gazi Katika Kasri la Wafalme

Mlinzi alipaza sauti kabla sijajua Mama anafanya nini. Nilikuwa nimesimama mbele ya bango la maelezo, na nilipogeuka nikamkuta ameinama juu ya kamba ya uzio, kiganja chake kimelala kwenye ukuta uliojengwa na Warumi karibu miaka elfu mbili iliyopita. Alikuwa ameutuliza mkono pale kama mtu anayempima mtoto homa.

"Mama! Hairuhusiwi kugusa!"

"Nishagusa," alisema. Akanyanyua kiganja, akautazama unga mwembamba wa rangi ya waridi ulionata kwenye vidole. "Mwambie huyu bwana ukuta huu una vigae vya kutwanga. Na aliyeupiga lipu hakuwa na haraka."

Sikumwambia. Nilimwomba mlinzi radhi, nikasema mamangu ni mgeni na haelewi taratibu za hapa, kisha nikamshika mkono tukapanda ngazi kurudi juu. Yeye alikuwa akigeuka nyuma kila baada ya hatua mbili.

Naitwa Yusra. Nilizaliwa Gazi, na kazi ya kuoka keki nilijifunzia katika hoteli moja ya Diani. Kutoka hapo nikapata kandarasi ya hoteli katika mji mmoja wa kusini mwa Uhispania, na nilipotimiza miaka miwili huko nikamwalika Mama aje akae nami mwezi mmoja. Mamangu anaitwa Mwanapili binti Iddi. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka hamsini na saba, na kazi yake ni uashi wa chokaa.

Kazi hiyo aliirithi kwa Babu Iddi. Babu alikuwa na tanuu la kuchomea chokaa nyuma ya nyumba, na alitengeneza misikiti na nyumba za kale kuanzia Gazi mpaka Vanga. Hakujaliwa mtoto wa kiume. Mama, aliyekuwa wa pili, ndiye aliyemfuata kazini, kwanza kumtekea maji, halafu kumtwangia vigae, mpaka siku Babu alipoanza kutetemeka mikono na yeye akaushika mwiko. Watu wengi hawakutaka kumpa mwanamke kazi ya mwashi. Kisha birika la maji ya kutawadha la msikiti mmoja kule Munje likapasuka. Lilikuwa limezibwa kwa saruji mara mbili na mara zote mbili maji yakapotea. Mama akaenda kwa imamu, akamwamkia, akasema, "Nipeni mimi. Likivuja, msinipe tena." Halikuvuja. Tangu hapo wakawa wanamwita wenyewe.

Mimi nilikuwa namwonea haya. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Nilipokuwa sekondari Msambweni, Mama alikuja siku ya wazazi moja kwa moja kutoka kazini, nyusi nyeupe, viatu vyeupe, leso aliyojifunga imekauka mpaka inasimama. Wasichana wenzangu wakanipa jina la Chokaa, nikalibeba miaka minne. Nilipofika Diani na watu wakaniuliza mama yangu anafanya kazi gani, nikasema anauza leso Ukunda. Uongo huo nikasafiri nao hadi Ulaya. Hata siku niliyomtambulisha Mama kwa wenzangu wa hotelini, walimsifia leso aliyojifunga wakamuuliza kama ni ya dukani kwake. Yeye hakuelewa lugha. Alitabasamu tu.

Siku ya nne ya safari yake ilikuwa siku yangu ya mapumziko, na ndiyo siku niliyompeleka kwenye kasri.

Zamani lilikuwa makao ya wafalme. Sasa ni makumbusho. Juu ardhini kuna minara, kumbi za mawe na bustani za michungwa za wafalme Wakristo. Chini yake kuna misingi ya kasri la watawala Waislamu waliotangulia, na waliochimba zaidi wakakuta kuta, sakafu na birika la Warumi. Nilipomwambia Mama kwamba wenyeji wanaliita alkasar, alinitaka nilitamke tena.

"Kasri," akasema. "Wanasema kasri."

Katika ukumbi mkubwa, sakafu za Warumi za vijiwe vya rangi zilikuwa zimebandikwa ukutani. Mama alipita polepole akiangalia samaki waliochorwa humo. Mbele ya pweza mmoja alisimama muda mrefu. "Aliyemchora huyu," alisema, "amewahi kumla." Nikacheka. Nilikuwa na furaha siku hiyo, mpaka tuliposhuka kwenye birika la Warumi na mlinzi akapiga kelele. Hapo nikarudi kuwa yule msichana wa Msambweni.

Basi tulitoka nje kwenye bustani, mimi nikiwa nimenuna, yeye akiwa anasugua ule unga kati ya vidole. Katikati ya bustani kuna bwawa refu la kale. Tulilikuta kavu. Mafundi wanane walikuwa ndani yake wakibandua lipu, na pembeni palikuwa na tangazo kwamba ukarabati utakamilika mwezi wa nne. Tulikuwa mwezi wa sita. Kwenye ukingo aliketi mzee wa masharubu meupe, kofia ya kazi mapajani, anatazama ukuta wa bwawa.

Mama alisimama kwenye kamba. Ukuta mzima ulikuwa umetapakaa nyufa nyembamba, kama uso wa sahani kuukuu.

"Imekaushwa na jua," alisema. "Wamepiga lipu wakaiacha peke yake. Yusra, njoo unisemee."

"Mama, wale ni mafundi wa makumbusho. Wana wasanifu, wana wataalamu wao."

"Nawaona. Na birika lao linavuja."

"Tutafukuzwa."

"Basi tufukuzwe tukiwa tumeshasema," alijibu, akainua kamba akapita chini yake.

Sikuwa na la kufanya ila kumfuata. Yule mzee alinyanyua kichwa, akamtazama Mama kutoka mtandio hadi viatu, akanitazama mimi. Hakuwa mkali. Alikuwa amechoka.

"Bibi anatafuta nini?" aliniuliza kwa Kihispania. "Ni nani huyu?"

Jibu langu la siku zote lilikuwa tayari mdomoni. Mama alikuwa ameshachuchumaa, anapapasa nyufa kwa ncha za vidole, uso wake umetulia kabisa. Kati ya wale wanaume waliovaa kofia ngumu, yeye ndiye aliyeonekana yuko kazini.

"Ni mamangu," nilisema. "Ni mwashi wa chokaa. Babake alikuwa mwashi wa chokaa. Kwetu pwani ya Kenya anatengeneza mabirika ya misikiti, na hakuna hata moja linalovuja."

Hilo la mwisho sikuwa na hakika nalo, lakini nilikuwa nimeshaanza.

"Umemwambia nini, maneno mengi hivyo?" Mama aliuliza.

"Nimemwambia wewe ni nani."

Mzee akainuka. Jina lake lilikuwa Eusebio, na ndiye aliyekuwa fundi mkuu. Alinyoosha mikono yake miwili mbele ya Mama, viganja juu, na Mama bila kuambiwa akanyoosha yake. Niliiona ile mikono minne pamoja, yote imekakamaa, yote ina yale makovu madogo ya mviringo ambayo chokaa mbichi humwachia mtu. Eusebio akacheka kwa mara ya kwanza. Akaonyesha bwawa akasema, "Alberka."

"Birika," Mama akasema.

"Alberka."

"Birika, bwana. Tumeelewana."

Wakaanza kuzungumza, mimi katikati. Mama aliuliza chokaa imelowekwa muda gani. Miezi mitatu, akajibu Eusebio. Hiyo nzuri. Vigae vilivyotwangwa wametia kiasi gani? Kidogo, kwa rangi tu. Mama akatikisa kichwa. Mmeifunika kwa kitu gani? Haikufunikwa. Mmeipiga siku ngapi?

"Kuipiga?" Eusebio aliniuliza, akidhani nimekosea kutafsiri.

Mama akaeleza. Lipu ya birika haipakwi ikaachwa. Inapigwa kwa vibao mpaka ijibane, inafunikwa magunia mabichi, kesho inapigwa tena, na kila siku inasuguliwa kwa jiwe laini mpaka itoe jasho lake. Kisha inapakwa mafuta. "Yule wa kule chini alifanya hivyo hivyo," alisema. "Alama za jiwe lake bado zipo. Zimelala kutoka kulia kwenda kushoto. Nafikiri alitumia mkono wa kushoto."

Eusebio alishuka ngazi za birika la Warumi karibu akimbie. Aliporudi alikuwa amevua kofia. Miaka kumi na miwili alikuwa akifanya kazi katika kasri lile, na zile alama hakuwahi kuziona.

Msanifu majengo wa makumbusho, mwanamke mrefu aliyevaa miwani, aliitwa akaja. Alisikiliza kwa adabu, kisha akasema kwamba hawezi kumkabidhi mgeni bwawa la miaka mia nane. Ila nyuma ya bustani kulikuwa na visanduku vitatu vya matofali vilivyojengwa kwa majaribio. Viwili vilikuwa vimevuja. Cha tatu kilikuwa kitupu, hakijapigwa lipu.

"Anakitaka?" aliuliza.

"Mwambie nataka magunia kumi na mchi wa kutwangia," Mama alisema.

Hivyo ndivyo likizo ya mamangu ilivyokwisha na kazi yake ikaanza. Mimi nilikuwa naingia zamu ya alfajiri jikoni, na nikitoka saa sita mchana nakwenda kasrini nikiwa bado nanukia vanila. Nilimkuta kila siku amejifunga leso mbili, moja kiunoni na moja kichwani chini ya kofia ngumu waliyomlazimisha kuvaa. Alikuwa ametwanga vigae mpaka vikawa unga, akachanganya, akapaka, akapiga. Mafuta ya nazi hakuyapata. Alionja ya zeituni akasema yatafaa. Kufikia siku ya tatu hawakuwa wananihitaji kutafsiri. Eusebio alikuwa akisema "gunia" na Mama akimjibu kwa neno la Kihispania lenye maana ya taratibu, alilolijifunza kwa kulirudiarudia kwa wale mafundi.

Siku ya nne upepo wa moto ulivuma tangu asubuhi. Magunia yalikauka wakati mafundi wamekwenda kula, na nilipofika, upande mmoja wa kisanduku ulikuwa na ufa mwembamba, urefu wa kidole. Mmoja wao alisema si kitu, utazibwa. Mama alichukua patasi akaubandua upande ule wote, kazi ya siku nne, mpaka kwenye matofali.

"Mama, ni ufa mdogo tu," nilisema.

"Maji hayajui mdogo." Alikuwa anahema, vumbi limemkaa kwenye kope. "Nipe ndoo."

Akaanza upya. Wale mafundi walikuwa wamesimama wakimtazama. Baadaye mmoja alileta turubai bila kuambiwa, akamfungia kivuli.

Siku ya kumwaga maji walikuja watu kama ishirini. Kisanduku kilijazwa mpaka karibu na ukingo, msanifu akachora mstari wa penseli mahali maji yalipofikia. Mama akaomba ndoo iliyojaa maji iwekwe kando yake, juani, na ndani yake pia pachorwe mstari. Niliuliza ya nini. "Iweke tu," alisema.

Baada ya siku tatu tulikusanyika tena. Msanifu aliinama akapima kwa rula. Alipoinuka, uso wake ulikuwa wa mtu mwenye habari mbaya.

"Yameshuka," alisema. "Upana wa kidole kimoja. Nasikitika."

Eusebio akatazama chini. Nikamgeukia Mama nimtafsirie, natafuta maneno ya kumpoza, lakini alikuwa ameshaelewa, na wala hakuwa na wasiwasi. Alimshika msanifu mkono, yule mwanamke mrefu wa miwani, akamwongoza hatua mbili hadi kwenye ndoo.

"Apime na hapa."

Msanifu akapima. Akapima tena. Ndani ya ndoo ya plastiki, isiyo na tundu wala ufa, maji nayo yalikuwa yameshuka upana wa kidole kimoja.

Nilianza kutafsiri: "Anasema yaliyopungua..."

"Yamenywewa na jua," Eusebio alimalizia, na sauti ikampasuka. "Jua tu! Hakijavuja hata tone!" Akamkumbatia mtu wa kwanza aliyekuwa karibu naye, ambaye alikuwa mlinzi, yule yule aliyemkaripia Mama. Mafundi wakarusha kofia zao juu. Msanifu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akasema kwa Kihispania cha polepole ili Mama amfuate, "Bwawa ni lako, fundi."

Siku kumi walipiga lile bwawa. Mama aliwapanga wanane wote kwa mstari, kila mmoja na kibao chake, na kwa kuwa mapigo yao yalikuwa yanapishana akawaimbia, kama wanawake wa pwani walivyokuwa wakiimba wakipiga sakafu za chokaa za dari, juu ya nyumba. Yeye anatoa, wao wanaitikia. Wageni waliokuja na tiketi zao kutazama mabaki ya Warumi na kumbi za wafalme walikuwa wanaishia pale kwenye kamba, wanasikiliza. Mchana wa siku ya mwisho Eusebio alimletea msumari. Ni desturi ya mafundi wa huko, alisema, kuandika jina mahali ambapo maji yatapafunika. Mama akaandika kwa herufi za Kiarabu alizofundishwa katika chuo cha Kurani utotoni, kutoka kulia kwenda kushoto: Mwanapili binti Iddi, Gazi. Eusebio akaandika lake chini yake.

Nilipeleka mwaliko wa siku ya ufunguzi jikoni kwetu hotelini, nikawaambia wenzangu ukweli. Nilisema mamangu hajawahi kuuza leso hata moja. Nilisema niliona haya, na kwamba haya hiyo ilikuwa yangu, si yake. Mpishi mkuu alinigeukia. "Na wewe ulimficha mama kama huyu?" alisema. Wakaja wote, wengine wakiwa bado na aproni.

Nilimwambia na Mama, asubuhi ya siku hiyo hiyo, nikimsaidia kubana mtandio.

"Najua," alisema. "Tangu Diani. Esha wa duka la leso alinipigia kuniuliza nimefungua lini." Alijitazama kwenye kioo. "Nilikuwa nangoja uchoke mwenyewe. Hiyo pini isogeze huku kidogo."

Mkurugenzi wa makumbusho alitoa hotuba ndefu. Aliwataja wafalme, akawataja Warumi, na mwisho akalitaja jina la mamangu, akajitahidi kulitamka sawasawa. Watu wakapiga makofi ya adabu. Eusebio akamshika Mama mkono akamwongoza hadi kwenye vali, gurudumu la chuma lenye kutu, akamwachia alifungue yeye. Lilikuwa zito. Alilishika kwa mikono yote miwili akalizungusha, na kutoka mdomo wa jiwe uliokuwa mkavu tangu mwaka uliopita, maji yakaruka.

Yalikimbia sakafuni, yakafika kwenye pembe, yakaanza kupanda. Yalifunika herufi za jina lake moja baada ya nyingine. Ukuta ule uliosuguliwa ulikuwa unang'aa, na minara ya kasri ikatokea ndani ya maji kichwa chini, imetulia.

Makofi yalikuwa yameanza kufifia. Niliona hayatoshi. Hayakuwa yanatosha hata kidogo kwa mtu aliyebandua kazi ya siku nne akaanza upya. Nikaweka mkono mdomoni nikapiga kigelegele, kirefu, cha harusi kubwa, pale pale mbele ya mkurugenzi na waandishi wa habari. Watu wakageuka. Mama akanitazama kwa mshangao, halafu akacheka mpaka akajishika kiuno, akakipokea, akapiga cha kwake kikapita juu ya michungwa na kurudi kutoka kwenye kuta za mawe. Mafundi wanane wakajaribu kutufuatisha. Hawakuweza. Wakatia vidole midomoni wakapiga miluzi kwa nguvu zao zote, na Eusebio akiwa mbele yao, masharubu yamemlowa machozi, anapiga kuliko wote.